Jamaa kaipa AI makala yangu aiandike upya, halafu promti, yaani maagizo aliyoipa, kaisahau humo humo!

Wakuu, mkiona herufi zimepinda mjue ni hasira, shule nilienda.

Yule yule. Simtaji, mnamjua. Kila andiko lake linaanza "Katika ulimwengu wa leo wa kidijitali unaobadilika kwa kasi". Jumatatu Kubernetes, Jumanne usalama wa mtandao, Jumatano kufuga sungura kwa Python.

Mimi niliandika kuhusu PostgreSQL, ile programu ya databesi, kwa nini unafuta rekodi milioni nzima na diski haishtuki. Nilikesha nayo. Nikaeleza kwamba DELETE, amri ya kufuta, inaacha maiti za rekodi mle ndani, bado zimekalia nafasi. VACUUM ya kawaida inasafisha nafasi itumike tena na jedwali lile lile, faili lenyewe kwa kawaida halipungui. Ukitaka lipungue ni VACUUM FULL, ambayo inaandika jedwali zima upya na kulifunga: hakuna kusoma, hakuna kuandika mpaka imalize. Kwa hiyo fanya usiku, na diski iwe na nafasi ya kopi ya pili.

Leo nakuta kwake "Siri 7 za Kupunguza PostgreSQL". Mifano yangu yote ipo. Hadi jedwali langu la majaribio, kuku_wa_shangazi, lipo! Nashuka chini, katikati ya aya ya tatu, nakutana na hii:

"Iandike upya hii ya huyu jamaa, punguza ulalamishi wake, iwe ya kusomeka na watu wenye akili."

WATU WENYE AKILI. Kaniibia, kanitukana, na tusi kalichapisha!

Sasa nenda Siri ya 4: "VACUUM FULL haifungi jedwali, unaweza kuiendesha hata mchana wateja wakiwa wengi." Ndiyo ulalamishi uliopunguzwa huo! Nimemwandikia pale chini kwamba atazimisha mifumo ya watu, kanijibu "Asante kwa mtazamo wako wa kipekee! 🚀". Hata kunijibu kaituma mashine. Watu wenye akili, wakuu. Mimi wasomaji wangu ni mbuzi?

Chura wa Mwenge: Mkuu kwani uongo? Yako niliishia kwenye maiti. Ya jamaa nimemaliza.

Mtoa uzi: Na VACUUM FULL umeiendesha mchana?

Chura wa Mwenge: Sina databesi mkuu, nasoma tu.

Bibi Seva: Kaiba hadi kuku wa shangazi 😂😂😂

Mzee wa Terminali: Stack Overflow, ule mtandao wa maswali na majibu ya waandika programu, walipiga marufuku majibu ya ChatGPT Desemba 2022, haijamaliza hata wiki tangu itoke. Sisi huku mtu kama huyo tunamwita "mbobezi" na anaalikwa kwenye semina.

Promti Master: Tatizo hajui promti. Unaipa nyaraka rasmi za toleo lako, unaiambia isibadilishe ukweli wa kiufundi, halafu kila amri unaijaribu mwenyewe kabla ya kupandisha. Nina PDF ya promti 500, elfu tano tu, njoo PM.

Bibi Seva: Wewe! Nilinunua ile ya kwanza, promti zote zinaanza "Wewe ni mtaalamu wa". Nirudishie hela yangu.

Promti Master: Dada hiyo ilikuwa toleo la majaribio.

Mtoa uzi: Jamani uzi ni wa makala yangu. WATU WENYE AKILI, mmesoma lakini?

Ng'ombe Hazeeki: Bora wewe umeibiwa makala. Bosi wangu anajibu barua za likizo kwa AI. Niliomba ruhusa ya msiba nikajibiwa "Hongera kwa hatua hii muhimu".

Chura wa Mwenge: 🤣🤣 Ulienda lakini?

Ng'ombe Hazeeki: Nilienda. Mshahara ukakatwa. Kukata alikata mwenyewe, hapo hakuhitaji AI.

Mzee wa Terminali: Una bahati una mshahara wa kukatwa.

Kijana wa Mbagala: Nje ya mada wakuu, naomba fundi wa feni ya laptop Kariakoo asiyechomoa RAM ya mtu.

Bibi Seva: Fundi wa aina hiyo hajazaliwa.

Mtoa uzi: Aisee.

Promti Master: Yupo mmoja ghorofani, anavaa kofia nyekundu.

Ng'ombe Hazeeki: Huyo huyo! Nilimpelekea yenye RAM ya 8 ikarudi na 4, namuuliza ananiambia nyingine imeliwa na Windows.