Mrejesho: gari la umeme la kukodi, Tanga

Wakuu, niliuliza kama nikodi gari la umeme kwa mkataba au ninunue la petroli. Asanteni, hata mlionicheka.

Nimekodi. Kilichoamua ni betri: ndiyo kitu ghali kuliko vyote kwenye gari hilo, na thamani yake ikishuka, hasara ni ya mwenye gari, si yangu. Oili ya injini nimeisahau kabisa. Nachaji usiku nyumbani Raskazone, LUKU ndiyo inayolia.

Ubaya upo. Mkataba una kikomo cha kilomita, ukizidisha unalipia, na mwisho gari linarudi kwa mwenyewe. Kwenda Dar kupitia Segera na Chalinze, kama kilomita 350, bado napanda basi. Mama watoto anasema nimepanga chumba nikakiita nyumba yangu. Hajakosea sana.