Naomba ushauri: nimuoneshe baba mdogo filamu hii ya vita au niache?

Wakuu habari za muda huu. Baba mdogo alipigana Vita ya Kagera, na muvi za vita ndo mambo yake, wikiendi akija nyumbani lazima niwe nimemtafutia mpya. Sasa nimeangalia Journey's End ya 2017, ya Waingereza, ni Vita ya Kwanza ya Dunia, mwezi Machi 1918 kwenye handaki huko Ufaransa, Wajerumani wanakaribia kuanza shambulizi kubwa, na aisee imenikaba kweli. Risasi siyo nyingi kihivyo, muda mwingi watu wamekaa tu chini ya ardhi na mishumaa wanasubiri kupigwa. Kapteni Stanhope bado kijana mdogo ila bila wiski hawezi kabisa, ofisa mwenzake Hibbert anasema anaumwa ili arudishwe nyuma, na kuna pale maofisa wengine wawili, Osborne na Raleigh, wamebakiza dakika chache wakavamie upande wa adui halafu wanapiga stori za kawaida kabisa ili wasiwaze, hapo nilishindwa nikapozi kwanza.

Shida ni kwamba mzee akilala kwetu huwa anashtuka usiku anapiga kelele, na ya vitani hajawahi kutusimulia hata siku moja. Mama anasema nisithubutu, mimi naona labda itamfungua kidogo aongee, maana inaniuma sana anavyobaki nayo peke yake.

Wenye wazazi waliopigana, au mnaofanya ushauri nasaha, nimweleze kwanza inahusu nini achague mwenyewe? Na akianza kubadilika katikati nizime au nimuache amalize?