Jack Leslie wa Plymouth alikuwa mchezaji wa kiwango gani?

KijanaWaMakorora:
Wakuu, salamu. Juzi kijiweni tulibishana mchezaji wa kwanza mweusi wa timu ya taifa ya Uingereza ni nani. Nikasema Viv Anderson, 1978. Jamaa akanikatisha: angekuwa Jack Leslie, 1925, ila walimnyima kwa rangi yake. Nimetafuta, nimeona sanamu yake pale uwanja wa Home Park, Plymouth, lakini kila mtu anaandika habari ya ile kofia tu, ile anayopewa aliyeichezea timu ya taifa. Mpira wake je? Kama alikuwa moto hivyo, mbona alikaa daraja la tatu?

MzeeBladda:
Mdogo wangu, hilo la mwisho ndilo swali. Mimi nilikuwa mtunza vifaa wa timu moja huku bara miaka 11, nikifua jezi na kusafisha njumu, na Leslie namfuatilia kwa sababu utakayoiona mbele.

Kazaliwa Canning Town, mashariki ya London, 1901, baba Mjamaika, mama Mwingereza. Ufundi wake ni kuunda maboila, yale matangi ya mvuke. Alitokea Barking akaingia Plymouth Argyle 1921, akacheza mechi 400 na kufunga mabao 137. Nafasi yake ndiyo namba kumi ya zamani, ndani kidogo ya winga wa kushoto, ingawa jezi zenyewe hazikuwa na namba. Ligi ya Uingereza ililazimisha namba 1939. Winga wake alikuwa Sammy Black, Mskoti, na upande ule wa kushoto ulitesa mabeki miaka nenda rudi.

Sasa kupanda. Daraja la Tatu Kusini timu 22, anapanda bingwa peke yake. Hakuna mchujo, hakuna cha besti luza. Argyle walishika nafasi ya pili misimu SITA mfululizo, 1921/22 hadi 1926/27. Sita! Timu zetu zingeshafukuza makocha kumi na kumwita mganga. Walipanda 1929/30.

Na kuhama haikuwa kama leo. Mkataba ukiisha, klabu bado inaweza kukushikilia. Mshahara ulikuwa na dari, tangu 1922 pauni 8 kwa wiki msimu ukiendelea na 6 wakati wa kiangazi, dari ileile kwa madaraja yote. Anayelipwa kiwango cha juu huku chini, akienda juu anaongeza nini mfukoni?

BiChenga:
Mzee, timu ya taifa ilikuwa inaita watu wa daraja la tatu kweli? Isije ikawa gazeti lilikosea.

MzeeBladda:
Ilikuwa nadra, ndiyo maana Plymouth mji mzima ulichangamka. Kocha wa taifa hakuwapo, kamati ya chama cha soka ndiyo iliyochagua. Bob Jack, meneja wa Argyle, alimwita Leslie ofisini akampa habari. Siku chache baadaye jina halipo, yupo Billy Walker wa Aston Villa. Sababu rasmi hakupewa. Uzeeni alisimulia kwamba watu wa chama walikuja kumtazama tena, na safari hiyo hawakutazama mpira, walitazama uso. Oktoba 24 Uingereza wakatoka 0-0 na Ireland kule Belfast. Siku hiyohiyo Argyle wakaichapa Bournemouth 7-2, Leslie mawili.

Kilichommaliza ni jicho. Ninyi mpira ule hamjaupiga. Sekondari, Tabora, tulikuwa nao mmoja wa akiba: ngozi nje, bladda ndani, mdomo umefungwa kwa kamba kama kiatu. Mvua ikinyesha unakunywa maji mpaka unakuwa kama tofali. Niliruka kona moja, kamba ikanikuta usoni, na alama ya X ikakaa kwenye paji mpaka saa ya chakula cha jioni. Bweni zima likanicheka. Leslie kamba ilimpata jichoni.

Akarudi kwenye maboila. Uzeeni akaomba kazi West Ham, klabu ya London, wakampa chumba cha viatu, akawa anasafisha njumu za Bobby Moore, Geoff Hurst na Clyde Best wa Bermuda. Hapa ndipo nagombana na waandishi. Wanaisimulia kana kwamba ni udhalilishaji wa pili. Kazi ile naijua: unakwangua udongo kwa kijiti, brashi, halafu unasokomeza gazeti ndani linyonye unyevu. Baada ya mwezi unajua nani anaburuta mguu wa kulia kwa kutazama soli tu. Mtu aliyefunga mabao 137 akishika soli anaona zaidi yangu. Waliomdhalilisha ni wa 1925, si chumba cha viatu.

KijanaWaMakorora:
Nimeelewa, mkuu. Naona sanamu ni ya michango ya watu, zaidi ya pauni 100,000, ikazinduliwa 2022. Kofia ya heshima ikapewa familia 2023 pale Wembley, siku ya mechi na Ukraine. Mwenyewe alifariki 1988. Sasa kijiweni chai analipa nani?

MzeeBladda:
Anderson kacheza, Leslie kaitwa. Lipeni nusu kwa nusu.

BiChenga:
Picha ya ile X ipo?

MzeeBladda:
Tabora, 1974, bwenini. Kamera nani alikuwa nayo?