Mvua imekata Ngudu: niuze ng'ombe sasa au nisubiri?

MamaKwimba
Shikamooni wakubwa. Niko Kwimba, upande wa Ngudu. Mahindi yangu ekari tatu yalifika magotini, jua la Januari likayakunja majani kama karatasi. Nina ng'ombe saba, wawili maksai wa plau. Lambo la kijiji limebaki tope, mbuzi wanazama miguu. Ndugu zangu wa Mwanza mjini wananiambia "si mna ziwa". Ziwa liko mbali na huku, na ng'ombe aliyekonda hafiki! Ndani kuna magunia mawili ya michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na watoto watano. Nauza, au nasubiri mvua za Machi?

MzeeWaMagu
Marahaba mama, pole sana. Uza wawili sasa, wangali na mwili. Anza na jike lililoacha kuzaa na dume dogo. Maksai usiguse, mvua ikirudi utalima na nini? Mimi mwaka mmoja nilisubiri bei. Kumbe kila mtu alikuwa anasubiri, tukajaa mnadani siku moja: ng'ombe kashuka, mahindi yamepanda. Niliuza watatu kupata magunia ambayo mmoja angeyaleta mapema. Bado inaniuma. Hela ikiingia mkononi nunua nafaka siku hiyohiyo, usilale nayo.

Misungwi_Jembe
Dada, nakubaliana na mzee. Mahindi hayo usiyang'ang'anie: kata, kausha, wape ng'ombe kidogo kidogo na majani makavu. Ila kama una mtama mchanga ulionyauka, usiwaachie kabisa, una sumu. Jirani yangu alipoteza wawili kabla ya jua kuzama. Marando ya viazi tunza bondeni kwenye unyevu, maana mbegu ndiyo hukosekana mvua ikirudi. Na kama una shamba la mbuga, ile ardhi nyeusi, mvua zikiisha weka dengu. Zinaota kwa unyevu uliobaki chini. Ngitili, yale malisho ya akiba ya kiangazi, mlitenga?

MamaKwimba
Asanteni sana. Ngitili ni ya shemeji, amekubali wangu watano waingie asubuhi tu. Mtama ninao robo ekari karibu na zizi, nimemtuma kijana akazibe kwa miiba sasa hivi. Jike na dume wanakwenda mnadani Jumamosi. Baba wa Magu, huko kwenu gunia la mahindi wanapima debe sita au saba?