Naomba ushauri: sinthesaiza ya programu au ya mashine halisi kwa kuunda sauti mpya?

Habari wakuu. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiunda sauti kwa Vital, sinthesaiza ya programu, kwenye kompyuta. Inafanya mengi: nachora wimbi langu mwenyewe, naunganisha LFO (wimbi la polepole linalobadilisha sauti lenyewe) na karibu kila kitu, nahifadhi, na kesho naikuta sauti vilevile. Shida ni kwamba kwa kipanya nabadilisha kitu kimoja kimoja, macho yote kwenye skrini, masikio yamelala.

Juzi rafiki aliniazima Korg Minilogue, sinthesaiza ya mashine ya analogi, jioni moja. Noti 4 tu kwa wakati mmoja, oskileta (vizalisha mawimbi ya sauti) 2 kwa kila noti. Lakini mkono mmoja ulikuwa kwenye filta (inayopunguza sehemu ya sauti), mwingine kwenye kimo cha sauti (pitch) cha oskileta ya pili, vyote vikizunguka pamoja, nikapata mlio ambao kwenye programu nisingeuwaza kabisa. Hata usingizi ulichelewa!

Sasa sielewi: ni saketi za analogi zenyewe, au ni kule kushika kwa mikono? Kama ni kushika tu, kidhibiti cha MIDI chenye nobu (vitufe vya kuzungusha vinavyoendesha programu ya kompyuta) kingenitosha nikabaki na Vital. Mliotumia vyote viwili, hasa mnaoanzia sifuri bila sauti za kiwandani, mlionaje?