Pete ya Tanzanite kwa mke anayeanika dagaa, naombeni ushauri

MtuWaKibirizi

Mwakeye wakuu. Mwezi wa 12 mimi na wife tunatimiza miaka 10 ya ndoa na yeye kazaliwa Desemba hiyohiyo, na nimesikia Tanzanite ndio jiwe la Desemba, nikasema basi hapa Mungu kanipangia. Nimetenga laki nne, nimezikusanya taratibu tangu mwaka jana na yeye hajui.

Sasa shida yangu ni hii. Mke wangu anaanika dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, kutwa mikono yake ipo kwenye mchanga, kwenye chumvi, kwenye nyavu, na pete ya ndoa haivui hata siku moja, anasema akiivua anajihisi kama kaacha kitu njiani. Miaka miwili iliyopita nilimnunulia pete ya jiwe la zambarau kwa mchuuzi mmoja wa barabarani, akaniapia ni amethisti. Haikumaliza miezi minne, jiwe likawa na ukungu juu kama kioo cha mbele cha lori la zamani. Kalisugua na dawa ya meno ndio kabisa. Hajawahi kunilalamikia ila ameihifadhi kwenye kopo la biskuti na bangili zake na kila nikiiona roho inaniuma.

Kwahiyo nauliza, Tanzanite itahimili ile kazi? Na nitajuaje kama ni ya kweli? Naombeni msaada kwa wanaojua, nisirudie kosa.

Bint_Isevya

Hongera sana kaka kwa miaka 10. Mimi niko Tabora, nina pete ya Tanzanite niliyopewa na marehemu baba, acha nikwambie kilichonipata. Pete ilikuwa inanibana, nikaipeleka kwa sonara aitanue kidogo, mimi nimekaa palepale kwenye benchi namuangalia. Akawasha moto akachomelea pete na jiwe likiwa ndani, hakulitoa, halafu akaitumbukiza kwenye maji. Nilisikia kama mtu kavunja kijiti. Jiwe lote likawa na ufa katikati, unaanzia juu unashuka mpaka chini, ukiliweka kwenye mwanga unaona kama unyoya mweupe umelala ndani. Bado naivaa ila siku za sikukuu tu. Jiwe lile halipendi moto wa ghafla wala kugongwa, sonara yeyote akitaka kuchomelea mwambie kwanza alitoe.

MkataVito

Mkuu nimesomea ukataji pale Kituo cha Jemolojia Arusha, nakwambia ninachokijua.

Kuna kipimo cha ugumu wa mawe wanakiita Mohs, kinaanzia 1 mpaka 10, almasi ndio 10. Tanzanite iko kati ya 6 na 7. Mchanga wa ziwani kwa sehemu kubwa ni kwazi, yaani chembe za jiwe gumu linaloitwa kwa Kiingereza quartz, na kwazi ni 7. Kwahiyo kila mkeo akichota dagaa mchangani, ule mchanga unalikwaruza jiwe lake, sio kwa siku moja, ila ndani ya mwaka kingo zote zitakuwa zimelika na mng'ao umepotea. Hata vumbi tu la nyumbani lina kwazi, ndio maana tunakataza kufuta kito kikavu kwa kitambaa, kioshe kwanza vumbi litoke.

Hiyo ya zambarau sidhani kama ni amethisti. Amethisti nayo ni kwazi, 7 kamili, mchanga ungeikwaruza lakini sio kwa miezi minne hivyo. Nahisi uliuziwa kioo, kioo ni laini zaidi. Leo usiku washa tochi ya simu, mulika jiwe kwa ubavuni uangalie ndani, ukiona viputo vya duara kama vya soda hilo ni kioo.

Tanzanite ya kweli ukiizungusha inakubadilikia rangi, huku bluu, ukiigeuza inaenda zambarau. Kioo cha bluu ukikigeuza utakavyo ni bluu ileile. Ila usinunue kwa jicho peke yake, kuna mawe ya maabara yanaigiza hata hilo, dai risiti yenye jina la jiwe na uzito kwa karati. Muuzaji akikwambia jiwe limechomwa usikimbie, karibu Tanzanite zote zinatoka Mererani zikiwa na rangi ya kahawia kahawia, moto ndio unazitoa bluu na ile rangi haichuji.

Kwa kidole cha mkeo ningekwambia chukua spineli ya Mahenge, ugumu wake 8, au safaya ya Tunduru au ya Umba, hizo ni 9. Hata ikiwa ndogo. Na jiwe lizungushiwe ukingo wa chuma pande zote, sio vile vikucha vinne vya kushikilia jiwe, vikucha vitanasa kwenye nyavu.

MtuWaKibirizi

Nimemulika wakuu. Nimekuta viputo viwili, kimoja kikubwa kidogo, kimoja kama ncha ya sindano. Nimekaa hapo kitandani nimeishika tu. Ahsante kwa kuniambia ukweli.

MamaGungu

Mwanangu shikamoo zako nimezipokea hata kama hujaandika. Mimi nimeanika dagaa miaka 22. Wote humu mnaongelea jiwe, hakuna anayeongelea mkono. Mikono yetu inavimba mchana kwa jua na chumvi, asubuhi inakuwa imepungua, pete iliyokukaa vizuri asubuhi jioni inakukata. Na mke wako umesema mwenyewe haivui pete yake, sasa ukimpa ya pili yenye jiwe la thamani atakuwa anawaza mchana kutwa isimdondokee mchangani, umempa furaha au umempa kazi? Mnunulie Tanzanite hiyohiyo aliyozaliwa nayo ila iwe hereni. Masikioni hakuna mchanga. Ataziona kwenye kioo Jumapili, kwenye harusi, kwenye ngoma. Ile pete yake ya ndoa muache nayo.

MkataVito

Mama hapo umenizidi, sikufikiria kuvimba. Mkuu kama utachukua hereni basi Tanzanite ni sawa kabisa, masikioni hazigongwi. Zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya maji, mswaki laini wa mtoto, usuuze kwenye bakuli sio kwenye sinki. Dawa ya meno hapana, jiki hapana inaharibu fedha, na ile mashine ya kusafishia inayotetemesha maji hapana kabisa kwa Tanzanite. Manukato na mafuta apake kwanza, hereni ziwe za mwisho.

Bint_Isevya

Na asizitupie kwenye hilo kopo na bangili, zitakwaruzana. Mimi yangu naifunga kwenye kipande cha kanga ya pamba, peke yake.

MtuWaKibirizi

MamaGungu shikamoo mama, nisamehe nilisahau. Nimeamua hereni. Nina shemeji anaenda Arusha mwezi ujao, nitamwambia azungushe kila jiwe mbele ya mlango palipo na mwanga na asiondoke bila risiti. Ila mama naomba nikuulize kitu kimoja, masikio yake aliyatoboa akiwa mdogo na ana miaka hajavaa kitu, yatakuwa yameziba?

MamaGungu

Mara nyingi hayazibi yote mwanangu, yanasinyaa. Mwambie ayapake mafuta ya mawese kidogo kila usiku na apitishe kijiti laini cha ufagio. Aanze sasa hivi, mpaka Desemba yatakuwa tayari. Usimwambie ni kwa ajili ya nini.