Tupeane uzoefu: kenge wa Dodoma huenda wapi wakati wa kiangazi?

Mkazi wa Mkonze
Ndugu zangu, salaam. Kila mwaka mvua zinapoanza, mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, kenge huonekana kwa wingi katika korongo lililo nyuma ya nyumba yangu. Huvuka njia mchana kweupe, hufukua samadi wakitafuta mende na jongoo, na mbwa wakiwafukuza hupanda miti. Ikifika Juni simwoni hata mmoja. Eneo letu hupata kati ya milimita 500 na 600 za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kabla ya mwisho wa Aprili. Ninataka kuelewa namna mnyama mkubwa kiasi kile anavyoivuka miezi mikavu iliyobaki. Aliyewahi kukutana na kenge kiangazi aeleze alimkuta wapi na akiwa katika hali gani. Ninaomba tuandike tuliyoyaona kwa macho yetu.

Mvuvi wa Mtera
Kaka, huku kwetu bwawani kenge hawaendi popote. Maji ya Mtera yanaposhuka kiangazi na kuacha tope pana, ndipo ninapowaona zaidi, wakizunguka kwenye madimbwi yaliyobaki na kula kambale walionasa, kaa, konokono na mabaki ya samaki tunayotupa. Mkia wa kenge huyu umebapa ubavuni kama kasia na ndio unaomsukuma majini, ilhali miguu huilaza mwilini. Ukimshtua akiwa juu ya jiwe hujitupa majini na kuzama, nawe utamsubiri mpaka uchoke.

Wazee walisema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, na mimi nimeuona ukweli wake ufukweni. Mamba jike akiacha kiota chake kwa muda, kenge hufika, hufukua mchanga na kula mayai. Kwa hiyo anayedhani kenge ni mtoto wa mamba amekosea sana, kwa sababu hao wawili ni maadui tangu kwenye yai.

Mlina Asali, Kondoa
Ninachokijua mimi ni tofauti kabisa na cha mvuvi. Mwezi wa Septemba, mwaka ambao ukame ulikuwa mkali, nilipanda mbuyu kukagua mzinga, nikamulika tochi ndani ya pango la shina nikidhani kuna nyuki. Alikuwamo kenge, amejibana kwenye kuta za pango, mwili wa kijivu umefanana na gamba la mti, macho yako wazi lakini hasogei. Nilipomgusa kwa fimbo alijaza hewa mpaka akavimba na kukwama pale pale, akatoa mlio mrefu kama wa tairi linalotoboka. Sikumwondoa. Nilirudi baada ya wiki tatu nikamkuta palepale, amekonda mpaka mifupa ya nyonga inaonekana. Kutoka mbuyu ule hadi maji ya karibu ni mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa miguu. Huyu alikuwa anakunywa nini?

Mwalimu wa Baiolojia
Ndugu mvuvi na ndugu mlina asali mmeona wanyama wawili tofauti, ndiyo maana habari zenu hazifanani.

Wa Mtera ni kenge wa maji, ambaye kitaalamu huitwa Varanus niloticus. Ni mweusi au kijivu cha kijani, ana madoa na mistari ya njano, pua yake ni ndefu, na anaweza kufikisha mita 2. Hukaa kando ya mito, mabwawa na madimbwi, na maji yakiwepo yeye yupo. Wa kwenye mbuyu ni kenge wa nchi kavu, Varanus albigularis. Huyu ni mnene zaidi, pua yake imevimba na kuinama kidogo, koo lake limepauka, na mkia haukubapa sana. Makazi yake ni nyika na misitu mikavu, na hujificha katika mapango ya miti, nyufa za miamba na mashimo yaliyochimbwa na wanyama wengine.

Kuhusu swali la maji, kenge wa nchi kavu hula sana wakati wa mvua, kwa kuwa ndipo konokono, jongoo, mende na panzi wanapojaa, na hujiwekea mafuta tumboni. Kiangazi hupunguza mwendo, hukaa pangoni na kutumia akiba hiyo kidogo kidogo. Kwa sababu hatumii chakula kutengeneza joto la mwili kama sisi, hitaji lake ni dogo mno, na maji mengi aliyoyahitaji tayari ameyapata ndani ya vile alivyokula. Yule uliyemwona amekonda hakuwa mgonjwa, alikuwa anangoja mvua.

Mama Kuku, Kongwa
Mimi nimepoteza mayai ya kanga na vifaranga wengi kwa kenge wa nchi kavu, na sitaficha kwamba niliwachukia. Siku moja wanangu walimpiga mmoja mpaka akalegea, mdomo wazi, miguu imelala, wakamtupa jalalani. Tulipogeuka hayupo. Baadaye nilijifunza kuwa kujifanya mfu ni desturi yake. Tangu hapo nimeinua banda juu ya nguzo na kulizungushia waya wenye matundu madogo, na hasara imekwisha. Jioni ninamwona anapita kando ya banda, ulimi wenye ncha mbili unatoka na kuingia akiokota harufu, kisha anakwenda zake kutafuta konokono kwenye boga zangu.

Mkulima wa Zabibu, Hombolo
Ninaomba msaada wa haraka. Leo, tarehe 14 Julai, tukisawazisha kichuguu pembeni mwa shamba, si mbali na bwawa, tumekuta mayai meupe yenye ganda laini kama ngozi. Nimeyatoa matatu, na yaliyobaki ninaweza kuhesabu zaidi ya 20. Vijana wanasema ni ya nyoka, wanataka kuyachoma.

Mwalimu wa Baiolojia
Mzee wangu, tafadhali zuia moto. Kwa mahali ulipo na idadi hiyo, ninaamini ni ya kenge wa maji. Jike hutoboa kichuguu mvua zinapokuwa zimekilainisha, hutaga mayai 20 hadi 60, kisha huondoka bila kurudi. Mchwa wenyewe huziba tundu, na joto na unyevu wa ndani hubaki karibu vilevile usiku na mchana, kwa miezi mingi. Usiyageuze yale uliyoyatoa, yarudishe yakiwa upande uleule wa juu, funika kwa udongo uleule, na mchwa watamalizia kazi.

Mkulima wa Zabibu, Hombolo
Nimefanya hivyo. Kufikia kesho yake jioni mchwa walikuwa wamekwisha kuziba nusu ya mahali tulipovunja, na sehemu hiyo ya shamba nimeiacha.

Mkulima wa Zabibu, Hombolo
Mrejesho, tarehe 29 Desemba. Mvua kubwa imenyesha siku tatu mfululizo na kichuguu kimelainika. Asubuhi nimekuta tundu jipya lenye upana wa vidole viwili, na mdomoni mwake kichwa cheusi chenye mistari ya njano inayong'aa, ulimi unapima hewa. Alipotoka alikuwa na urefu wa rula ya shule. Nyuma yake wametoka wengine wanne nikiwa nimesimama hapo, wote wameelekea bwawani kupitia chini ya mizabibu. Mayai mawili kati ya yale matatu niliyoyatoa Julai yamebaki yamesinyaa. La tatu ni ganda tupu.